WordPress ni ya nani?

Mwishoni mwa Septemba 2024, saa moja asubuhi, nilipigiwa simu na mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Lushoto. Shikamoo yangu hakuisubiri iishe. "Mwanangu, mjukuu wangu ananiambia WordPress wamefungiana. Wageni wangu watanipataje?" Tovuti yake ina kurasa sita na picha za milima ya Usambara, na kwa miaka minne imemletea wageni bila yeye kujua WordPress ni mdudu gani. Nilimwambia atulie, tovuti ipo. Nikaifungua hapo hapo, nikamsomea bei za vyumba kwenye simu mpaka akaridhika. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo sikuweza kulijibu kwa sentensi moja: "Sasa hiyo WordPress ni ya nani?"

Wiki ile hakuwa peke yake. Kwenye magrupu ya WhatsApp ya mafundi wa tovuti wengine walikuwa wamesikia imeuzwa, wengine imeshtakiwa. Mhariri wa gazeti dogo la mtandaoni aliniuliza kama ahamishe habari zake zote kabla ya Ijumaa. Mmoja aliapa kwamba kila mwenye tovuti sasa atadaiwa asilimia nane ya mapato yake. Kila uvumi ulikuwa na punje ya ukweli ndani yake, ndiyo maana ulisambaa haraka. Ili kuzichambua punje hizo inabidi turudi nyuma kidogo.

Tovuti ni kurasa zilizowekwa kwenye kompyuta isiyozimwa, iitwayo seva, ili yeyote mwenye intaneti azisome. Zamani kila ukurasa uliandikwa kwa mkono, kwa lugha ya HTML. Ukitaka kupandisha bei ya chumba kutoka 40,000 hadi 45,000 ulimtafuta fundi, na fundi akiwa safarini wageni waliendelea kulala kwa bei ya zamani. Programu ya kusimamia maudhui ilikuja kumwondoa fundi katikati. Unaingia kwa nywila yako, unakuta mahali pa kuandika kama unapoandikia barua pepe, unaandika, unaweka picha, unabonyeza kitufe cha kuchapisha. Maneno yako yanahifadhiwa kwenye kanzidata, yaani ghala la taarifa. Sura ya ukurasa, yaani rangi, herufi na mpangilio, inakaa pembeni kwenye kitu kinachoitwa mandhari, na kwa hiyo unaweza kubadili sura ya tovuti nzima bila kugusa neno hata moja, kama mtu anavyobadili kanga. Ukitaka jambo la ziada, tuseme kupokea maombi ya vyumba au malipo, unaongeza kipande kidogo cha programu kinachoitwa plagini.

Blogu ni tovuti ya namna hiyo hiyo, ila habari mpya hukaa juu na za zamani hushuka chini. WordPress ilianza kama programu ya blogu tu, ikakua mpaka leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani kwa hesabu za W3Techs, tovuti inayofuatilia programu zinazotumika mtandaoni. Ndugu zake wanaojulikana zaidi ni Drupal, Joomla na Ghost. Zote nne ni programu huria, na hapo ndipo watu wengi wanapoanza kupotea.

Huru, siyo bure

Kwenye jambo hili Kiswahili kinatusaidia kuliko Kiingereza. Wenzetu wana neno moja la "bure" na "huru", na tangu miaka ya 1980 wamekuwa wakielezana tofauti bila kuchoka. Sisi tuna maneno mawili. Tatizo letu ni jingine: "bure" yetu ina maana ya kisicholipiwa, na pia ya kisichofaa, kama tunaposema nimehangaika bure. Ukimwambia mtu WordPress ni ya bure, sikio lake moja limeshasikia kwamba haina maana.

Mimi huwa nafananisha programu huria na mbegu. Mkulima wa Mbeya akinunua mahindi chotara, msimu wa kwanza anavuna hadi anakosa pa kuweka. Akitunza punje azipande msimu wa pili, mazao yanashuka, kwa hiyo mwaka unaofuata anarudi dukani. Mbegu ya kienyeji ina mwenendo tofauti. Anachagua mahindi yaliyojaa, anayatundika juu ya moshi wa jiko, mvua ikikaribia anapanda. Anampa jirani debe moja. Akitaka, anaichanganya na mbegu ya ng'ambo ya mto aone itatoka nini.

Programu nyingi za kununua ni kama chotara. Unapewa kitu kinachofanya kazi, lakini msimbo wake, yale maandishi ya watunzi yanayoiambia kompyuta ifanye nini, umefichwa. Programu huria inakuja na msimbo wake wazi. Unaruhusiwa kuusoma, kuubadili, kuutumia kwa biashara, kuugawa, hata kuuza. Ndiyo, kuuza. Mbegu ya kienyeji inauzwa mnadani kila wiki na hakuna anayeshangaa.

WordPress ina sharti moja juu ya hayo. Leseni yake ni ile iitwayo GPL, iliyoandikwa na Mmarekani Richard Stallman, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1989. Inasema hivi, kwa maneno yangu: ukiigawa, hata kama umeiboresha kwa jasho lako, mpe huyo unayemgawia haki zile zile ulizopewa wewe. Huwezi kuchukua mbegu ya kijiji, ukaipaka dawa ya rangi, kisha ukaiuza kwa masharti kwamba mnunuzi asiioteshe tena.

Neno "leseni" linawatisha watu, hasa Tanzania, ambako kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu walipie leseni kwa mamlaka ya mawasiliano. Nimewahi kuulizwa kama ukishalipia ile, hii ya GPL unaongezewa. Hapana, havina undugu. Leseni ya serikali ni ruhusa unayoiomba na kuilipia ili uchapishe. GPL ni ruhusa uliyokwisha kupewa kabla hujaomba, na inahusu programu tu, siyo unachoandika. Habari zako, picha zako na mashairi yako yanabaki kuwa yako. Jembe la kuazima halimfanyi mwenye jembe awe mwenye mahindi.

Chipukizi

Kama kila mtu anaruhusiwa kuchukua mbegu na kuipanda kwake, basi hakuna wa kuzuia mti usitoe chipukizi pembeni. Hili ndilo jambo la pekee kabisa katika ulimwengu wa programu huria: kundi likikosana na wenzake, au mtunzi akipotea, wengine wanachukua msimbo wote jinsi ulivyo na kuendelea nao chini ya jina jipya. Hawahitaji kuomba.

WordPress yenyewe ni chipukizi. Mfaransa Michel Valdrighi alianzisha programu ndogo ya blogu iitwayo b2 mwaka 2001, kisha akaacha kuonekana. Watumiaji wakabaki na programu isiyo na mtunzaji. Januari 2003 kijana wa Houston, Matt Mullenweg, aliyekuwa na umri wa miaka 19, aliandika kwenye blogu yake kwamba leseni ya b2 inamruhusu kuichukua na kuiendeleza. Mwingereza Mike Little akamjibu kwamba kama kweli yuko tayari, yeye naye atasaidia. Tarehe 27 Mei 2003 toleo la kwanza la WordPress likatoka. Mwaka uliofuata, programu ya blogu iliyokuwa ikipendwa sana wakati huo, Movable Type, ilibadili masharti yake ya malipo, na wenye blogu wengi wakahama kwa hasira. WordPress ikawapokea. Sidhani kama ingefika hapa ilipo bila kosa lile la jirani.

Kisa kinachonifurahisha zaidi lakini ni cha Mambo na Joomla, nacho kinatuhusu hata kwa lugha. Mapema miaka ya 2000 kampuni moja ya Australia, Miro, ilikuwa na programu ya kusimamia maudhui iliyoitwa Mambo. Ilikuwa huria, na ilitunzwa na kundi la watunzi wa kujitolea waliotawanyika nchi mbalimbali. Mwaka 2005 Miro ikaanzisha taasisi ya kuisimamia Mambo, na watunzi wakaona wameachwa nje ya maamuzi ya kitu wanachokijenga wao. Tarehe 17 Agosti 2005 kundi hilo likaondoka kwa pamoja.

Liliondoka na nini? Na msimbo wote. Miro haikuweza kuuzuia, kwa sababu ulikuwa chini ya GPL. Ambacho halikuweza kuondoka nacho ni jina. Kwa hiyo wakatafuta jipya, na wakaliokota kwetu: "jumla", kwa maana ya wote pamoja, wakaliandika Joomla ili ulimi wa Mwingereza usiteleze. Septemba 2005 Joomla ya kwanza ikatoka. Mambo ikabaki na jina lake na taasisi yake, lakini watunzi walikuwa wamehamia kwenye Jumla, na watumiaji wakawafuata. Miaka michache baadaye Mambo ilikuwa imefifia kabisa. Nikiwaeleza vijana kisa hiki darasani huwa wanadhani natania, kwamba Mambo iliachwa na watu wakahamia Jumla.

Watunzi wale waliondoka na mbegu, wakaacha lebo ya mfuko. Hizo ni mali mbili tofauti, zenye sheria mbili tofauti. Ukilishika hilo, ugomvi wa 2024 unafunguka wenyewe.

Mbegu, lebo, duka, shamba

Mtu akisema "WordPress" anaweza kuwa anazungumzia kimoja kati ya vitu vinne. Cha kwanza ni msimbo, yaani mbegu. Huo ni wa wote chini ya GPL, na hakuna kampuni wala mtu anayeweza kuurudisha ndani na kufunga mlango.

Cha pili ni jina na nembo, lebo iliyo kwenye mfuko. Jina ni alama ya biashara, na tangu 2010 liko chini ya taasisi iitwayo WordPress Foundation. Kwa upande wa biashara, haki ya kulitumia imepewa Automattic, kampuni aliyoianzisha Mullenweg mwaka 2005.

Cha tatu ni duka, na hiki ndicho watu hawakijui. Programu yako inapokuambia kuna toleo jipya, au unapotafuta plagini na mandhari, kuna mahali inakwenda kuchukua. Mahali hapo ni tovuti ya WordPress.org, ambako zimejaa plagini za bure kwa makumi ya maelfu. Karibu kila WordPress duniani imeelekezwa kwenye mlango huo mmoja. Wengi tulidhani duka ni la ile taasisi. Ugomvi ulipolipuka ndipo ikaeleweka wazi kwamba WordPress.org ni mali ya Mullenweg mwenyewe, mtu binafsi.

Cha nne ni shamba: seva unayokodi na domeni, yaani anwani yako ya .co.tz au .com. Shamba unalipia kwa kampuni yoyote unayoitaka. Hapa ndipo pesa nyingi za biashara hii zinapozunguka, maana mbegu unaipata bila kulipa lakini shamba lazima likodishwe.

Katikati ya vitu hivi kuna WordPress.com, ambayo inawachanganya hata watu wa kazi hii. Ile yenye .com ni biashara ya Automattic: wanakupa mbegu ikiwa imeshapandwa kwenye shamba lao, unaandika tu, na ukitaka makubwa unalipia. Ile yenye .org ni duka, unachukua mbegu ukapande unapojua. Majina yanafanana kama Kurwa na Doto, na kwa maoni yangu kufanana huko kumeleta maumivu mengi yasiyo ya lazima.

Kilichotokea

WP Engine ni kampuni ya Austin, Texas, iliyoanzishwa mwaka 2010. Kazi yake ni kukodisha mashamba yaliyoandaliwa kwa ajili ya WordPress peke yake. Mwaka 2018 kampuni ya uwekezaji ya Silver Lake iliweka humo dola milioni 250. Biashara ilikuwa inakwenda vizuri.

Septemba 2024 Mullenweg akaishambulia hadharani, kwanza kwenye blogu, kisha jukwaani kwenye mkutano wa WordPress wa Marekani uliofanyika Portland. Alisema kampuni hiyo inavuna bila kulima: Automattic inatoa saa zaidi ya 3,700 za kazi kila wiki kuitunza WordPress, WP Engine inatoa saa zisizofika 50. Akaiita saratani. Akalalamika pia kwamba jina lake linawachanganya watu, mpaka mama yake mzazi alidhani WP Engine ni ya WordPress yenyewe. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mama yangu wa Lushoto. Mkanganyiko huu hauchagui bara.

Automattic ilitaka WP Engine ilipe asilimia nane ya mapato yake kwa kutumia jina, iwe kwa pesa au kwa saa za kazi za wafanyakazi wake. Hiyo ndiyo asilimia nane iliyozunguka kwenye magrupu yetu. Ilidaiwa kampuni moja, kwa hoja ya jina. Haikumhusu mwenye nyumba ya wageni.

WP Engine ilikataa. Tarehe 25 Septemba mlango wa duka ukafungwa kwao: tovuti zilizokuwa kwenye seva zao zikashindwa kuchukua matoleo mapya na plagini kutoka WordPress.org. Siku mbili baadaye ukafunguliwa kwa muda, kisha ukafungwa tena Oktoba mosi. Tarehe 2 Oktoba WP Engine ikaenda mahakamani California.

Angalia kilichofungwa na ambacho hakikufungwa. Tovuti za wateja hazikuzimwa na mlango ule; ziliendelea kusomwa kama kawaida, maana mbegu ilishakuwa shambani. Kilichokwama ni kwenda dukani. Lakini kukwama huko si jambo dogo, kwa sababu matoleo mapya ndiyo yanayoziba matundu ya usalama, na tovuti isiyoweza kuyapata ni nyumba iliyokatazwa kubadili kitasa.

Kisha likaja tukio ambalo kwangu lilikuwa zito kuliko yote. Tarehe 12 Oktoba plagini maarufu ya WP Engine, Advanced Custom Fields, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya milioni mbili, ilichukuliwa ndani ya duka na kupewa jina jipya, Secure Custom Fields. Wapo waliosema: si ni GPL, kila mtu anaruhusiwa kunakili? Kunakili, ndiyo. Mullenweg angeweza kutoa nakala yake, akaipa jina, akaiweka kwenye rafu nyingine, na asingekuwa na wa kumuuliza. Hapa rafu ilikuwa ile ile, pamoja na sifa zote ambazo wateja walikwisha kuiandikia ile ya zamani, na tovuti zilizokuwa zikisubiri toleo jipya la plagini moja zikaletewa nyingine. Mbegu ni ya wote, sawa, lakini kubadili mfuko kwenye rafu ambayo mteja ameizoea ni suala la imani kwa mwenye duka, na imani hiyo haijaandikwa kwenye leseni yoyote.

Ndani ya Automattic kwenyewe Mullenweg aliwaambia wasiokubaliana naye waondoke na kifuta jasho: dola 30,000 au mshahara wa miezi sita, kipi kikubwa. Waliondoka watu 159. Wakati huo huo ukitaka kuingia kwenye akaunti yako ya WordPress.org ulipaswa kuweka alama ya vema kwenye kisanduku, kuthibitisha kwamba huna uhusiano na WP Engine. Tarehe 10 Desemba Jaji Araceli Martínez-Olguín alitoa amri ya muda: mlango ufunguliwe, na plagini irudishwe kwa mwenyewe. Amri ya namna hiyo ni ya kuzuia madhara wakati kesi inasikilizwa, siyo hukumu. Kile kisanduku nacho kikabadilishwa maneno. Badala ya WP Engine, ukatakiwa kukubali kwamba nanasi ni tamu juu ya piza. Siyo utani wangu.

Kwenye lawama ya kuvuna bila kulima, Mullenweg ana hoja, hata kama njia aliyoichagua ilikuwa mbaya. GPL haimlazimishi anayetajirika kwa mbegu ya wote arudishe hata chembe. Anayerudisha anafanya hivyo kwa adabu au kwa hesabu zake, siyo kwa sheria. Drupal, iliyoanzishwa na Mbelgiji Dries Buytaert mwaka 2001, imejaribu dawa nyingine: kila mchango unaandikwa kwa jina la aliyeutoa na kampuni yake, na kampuni zinazochangia sana hupangwa juu kwenye orodha ambayo wateja huitazama wakitafuta fundi. Anayelima anaonekana. Ghost nayo ilichangiwa na watu mtandaoni mwaka 2013 na ikawekwa chini ya taasisi isiyo na wanahisa, ili asitokee tajiri wa kuinunua.

"Lakini kitu cha wazi si rahisi kuibiwa?"

Hili naulizwa kila mahali, kwa kawaida na mtu wa benki. Msimbo ukiwa wazi, mwizi anausoma, kwa hiyo anajua dirisha lipi halina komeo. Ni kweli anausoma. Wanausoma pia maelfu ya watu wengine, na tundu likionekana linazibwa na dawa inatolewa kwa wote. Hatari halisi iko kati ya dawa kutolewa na wewe kuitumia. Oktoba 2014 Drupal ilitoa toleo la kuziba tundu kubwa. Mashambulizi yakaanza haraka kiasi kwamba wasimamizi wake walitangaza: kama hukubadilisha ndani ya saa saba, chukulia kwamba umeshaingiliwa. Saa saba! Wengine walikuwa wamelala. Tovuti nyingi zilizovamiwa nilizowahi kuitwa kuzisafisha zilikuwa na plagini ambazo hazikuguswa kwa miaka, au mandhari ya kulipia iliyopakuliwa "cracked", yaani ikiwa imevunjwa kufuli ya malipo, kutoka mahali pasipojulikana, ikiwa imeshatiwa sumu ndani. Sijawahi kukuta iliyovamiwa kwa sababu tu msimbo wake uko wazi.

Na kwa wanaoamini kwamba cha bure ni hafifu: ikulu ya Marekani iliendesha tovuti yake kwa Drupal kuanzia 2009, ikahamia WordPress mwaka 2017. Mbegu nyingine zimetoka hapa hapa kwetu. Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za watu na kuziweka kwenye ramani, ilizaliwa Kenya Januari 2008 katikati ya ghasia za baada ya uchaguzi. Kwa kuwa ni huria, miaka miwili baadaye ilikuwa inatumika Haiti baada ya tetemeko.

Kuhusu duka, wapo walioamua kutosubiri mahakama. Juni 2025 kundi la watunzi wa WordPress, chini ya mwavuli wa Linux Foundation, taasisi inayolea miradi mingi ya programu huria, lilitangaza mradi uitwao FAIR, wa kuwezesha tovuti kuchukua plagini na matoleo mapya kutoka kwenye maduka mengi badala ya mlango mmoja. Hilo halikuwa chipukizi la mbegu, kwa sababu msimbo haukuwa na tatizo.

Mama wa Lushoto nilimwendea mwezi uliofuata baada ya simu yake. Kwenye meza ya mapokezi, kati ya kitabu cha wageni na sahani ya matunda damu, nilimuuliza maswali ya shamba: seva analipia wapi, nakala ya tovuti imehifadhiwa wapi mara ya mwisho, na domeni imesajiliwa kwa jina la nani. Seva alikuwa na risiti zake zote, kwenye kopo la biskuti. Nakala haikuwahi kuhifadhiwa, tukaipakua siku ile ile kwenye flashi. Domeni ilikuwa imesajiliwa kwa jina la kijana aliyemtengenezea tovuti miaka minne nyuma, ambaye sasa yuko nje ya nchi na namba yake ya zamani haipatikani. Siku zilizobaki kabla haijaisha muda: 23.

Yaani wiki zote zile tuliogopa San Francisco, makao ya Automattic, na mlango uliokuwa wazi ulikuwa huu.

Kijana tulimpata kupitia kwa shangazi yake, siku ya kumi na moja. Akaomba radhi, akatuma namba ya siri ya kuhamishia domeni, nikaanza kujaza fomu ya usajili mpya. Nilipofika kwenye kisanduku cha mmiliki nikamwuliza mama niandike nani. Alinitumia ujumbe wa sauti wa sekunde nne: "Andika langu. La mjukuu usithubutu."